Picha Kabla Mti Haujaanguka: Waraka wa Wazi kwa Ofisi ya Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani

Ndugu Mhifadhi Mkuu, pamoja na watumishi wote wa hifadhi,

YAH: OMBI LA KUIPIGA PICHA BUSTANI YA MIMEA YA AMANI, MTI KWA MTI, KILA MWAKA

Mimi ni mpiga picha wa mtaani, Muheza mjini. Kazi yangu ni harusi, mahafali, picha za pasipoti, na mara mojamoja shamba la mtu anayetaka kuuza. Nimezaliwa chini ya milima mnayoilinda, na babu yangu mzaa mama alikuwa kibarua huko juu Amani tangu ujana wake, zama za Waingereza, kituo cha utafiti wa kilimo kilipokuwa na vitalu na mashamba ya majaribio. Nawaandikia hadharani kwa sababu ombi langu haliwezi kutekelezwa na ofisi peke yake. Linawahitaji walimu, wanafunzi, wazee na vijana wenye simu, na wote hao nataka wasome ninachoomba kwa niaba yao.

Ombi lenyewe ni hili: tuipige picha Bustani ya Mimea ya Amani, mti mmoja baada ya mwingine, kibao, gome, jani, ua na tunda, kisha turudi mwaka unaofuata tupige tena palepale. Sababu zake nilizipata mbali sana na Muheza, katika bustani nyingine ambayo, kama nitakavyoeleza, ni ndugu wa hii yetu. Naomba mnivumilie nianzie huko.

Mwishoni mwa Agosti nilikwenda Berlin, Ujerumani, kumtembelea dada yangu anayefanya kazi ya uuguzi. Yeye akienda zamu, mimi nikabaki na siku tatu tupu na kamera. Nikapanda treni hadi kituo kinachoitwa Botanischer Garten, yaani Bustani ya Mimea, nikawa mlangoni saa tatu asubuhi. Bustani ile ina hekta 43 na aina zipatazo 20,000 za mimea. Jirani wa dada alikuwa ameniambia kwamba nimechelewa: maua ya kupigwa picha ni ya Mei, miti inapochanua yote kwa pamoja, na mwisho wa majira ya joto bustani huwa imechoka. Saa ya kwanza nilimwamini. Majani yalikuwa yameanza kukakamaa pembeni, mawaridi mengi yalikuwa yamebaki vikonyo, na vitalu vingine vilikuwa na mabua tu.

Kilichonibadili mawazo kwanza ni mwanga. Sisi wa Tanga tunajua kwamba ikifika saa nne asubuhi, mpiga picha wa nje huanza kutafuta kivuli. Jua likipanda utosini, macho ya bibi harusi huzama katika giza la paji la uso, na hakuna maarifa ya kamera yatakayoyatoa humo. Berlin mwishoni mwa Agosti jua halifiki utosini. Hata adhuhuri linasimama upande, na jioni linakokota mpaka karibu saa mbili usiku ndipo linazama. Mwanga wake unaingia ubavuni mwa jani na kutokea upande wa pili, hata mishipa ya jani ikaonekana kama mistari ya kiganja. Nyasi ndefu za Asia ya Mashariki ziitwazo Miscanthus, ambazo mchana wa kwetu zingeonekana majivu matupu, pale ziliwaka kila uzi. Nikaweka stendi ya miguu mitatu chini, nikaacha kukimbilia maua, nikaanza kutazama.

Hapo nikaona kwamba bustani ile haikuwa imechoka hata kidogo. Ilikuwa inavuna. Katika sehemu ya mbuga za Amerika ya Kaskazini, ndugu wengi wa alizeti walikuwa bado na petali za njano upande mmoja wa kitalu, na upande mwingine vichwa vikavu vyeusi vilivyojaa mbegu, na ndege wadogo wakining'inia juu yake wakichokoa. Chini ya miti kulikuwa na Colchicum autumnale, ua la zambarau hafifu linalochomoza ardhini bila jani hata moja, kwa sababu majani yake hutoka majira ya kuchipua, yakafa, kisha ndipo ua lije peke yake. Nililala kifudifudi kwenye nyasi kuipata picha yake, nikasubiri upepo utulie, nikapata moja nzuri kati ya arobaini.

Karibu yangu mtunza bustani mmoja, mama wa makamo, alikuwa akikata vichwa vilivyokauka na kuvitia katika mifuko midogo ya karatasi. Kila mfuko aliuandika namba, ileile iliyokuwa kwenye kibao cha mmea. Dada alikuwa amenifundisha maneno machache ya Kijerumani, na mengine tuliyamaliza kwa mikono. Nilichoelewa ni kwamba bustani za mimea duniani hupeana mbegu kwa orodha zinazochapishwa, na mbegu isiyo na namba haina thamani kwa yeyote, hata iwe nzima namna gani. Haijulikani imetoka wapi, wala mama yake ni nani.

Neno lile lilinigusa kwa sababu jioni ya siku hiyohiyo lilinikuta mimi mwenyewe. Nilikuwa nimepiga picha zaidi ya mia tatu. Dada alirudi kazini, tukakaa mezani, akawa anazipitia moja baada ya moja na kuuliza, "Kaka, hili ni ua gani? Na hili la kwao au la Uchina?" Sikuweza kumjibu hata moja. Nilikuwa na picha nzuri za vitu visivyo na jina. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nami nikaona kwamba picha bila kibao ni mali ya namna hiyo.

Siku ya pili nikabadili utaratibu wangu wote. Kwa kila mmea nilipiga kwanza kibao: jina la Kilatini, ukoo, na sehemu ya dunia mmea unakotoka. Kisha mmea mzima ukiwa mahali pake. Kisha jani upande wa juu, na jani upande wa chini, kwa kuwa mimea miwili inayofanana juu mara nyingi hutofautiana chini. Kisha ua kama lipo, tunda kama lipo, na gome kama ni mti. Nikiingia kitalu kingine, naanza tena na kibao. Nilipiga picha chache kuliko siku ya kwanza, lakini zile ninaweza kumpa mwalimu yeyote wa biolojia akazitumia kesho.

Kwa utaratibu huo nilianza pia kuelewa mpangilio wa bustani yenyewe. Mtu anatoka katika milima ya Alps, anavuka njia, yumo Caucasus, anapanda kidogo yumo Himalaya, halafu Japani. Mimea imewekwa kwa jinsi inavyoishi duniani, kila mmoja na majirani zake wa asili. Aliyesimamia mpango huo ni mtaalamu wa mimea Adolf Engler, na bustani ilijengwa kati ya mwaka 1897 na 1910 chini ya uongozi wake. Na hapa, Ndugu Mhifadhi, ndipo undugu niliotaja unapoanza. Mwaka 1902, wakati bustani ya Berlin ikiwa bado inajengwa, Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti wa mimea na kilimo Amani, na bustani yake. Mwaka huohuo Engler mwenyewe alifika Usambara. Milima yetu alikuwa ameijua kabla ya kuiona, kwa sababu kwa miaka mingi wakusanyaji walikuwa wakibana matawi ya Usambara kwenye karatasi na kuyapeleka kwake Berlin. Kwa hiyo Amani na Berlin zimekua pamoja, moja katika baridi na moja katika ukungu wa milimani, na sehemu kubwa ya kumbukumbu za mimea yetu ikawekwa nyumbani kwa ndugu wa mbali.

Siku ya tatu nilijifunza kilichozipata kumbukumbu hizo.

Asubuhi hiyo nilikuwa nikipiga picha miti ya Aesculus hippocastanum, ambayo Berlin hupandwa sana barabarani kwa ajili ya kivuli. Majani yake yote yalikuwa ya kahawia, yamejikunja. Nilidhani majira ya majani kupukutika yamewahi. Mzee mmoja aliyekuwa akipumzika kwenye benchi alinionyesha kwa kidole: jani lilikuwa na njia nyembamba ndani yake, kama barabara za mchwa. Ni kazi ya nondo mdogo sana, Cameraria ohridella, ambaye funza wake hula nyama ya jani kati ya ngozi mbili. Aligunduliwa katikati ya miaka ya 1980 karibu na Ziwa Ohrid, katika nchi ambayo leo ni Makedonia Kaskazini, na katika miaka iliyofuata akaenea sehemu kubwa ya Ulaya. Wataalamu walibishana muda mrefu kuhusu asili yake. Jibu lilipatikana mwaka 2011 mahali ambapo watu hawakuwa wamelitafuta: kwenye majani makavu ya mti huo yaliyokuwa yamehifadhiwa katika hebaria, yaani maktaba ya mimea iliyokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi. Ndani ya majani yaliyochumwa Ugiriki mwaka 1879 walikutwa funza walewale, wamebanwa pamoja na jani. Aliyelichuma jani hakuwa akitafuta nondo. Alihifadhi tu kilichokuwa mbele yake, akaandika mahali na mwaka, na zaidi ya miaka 130 baadaye karatasi yake ikatoa ushahidi.

Na Berlin pia ilikuwa na hebaria, moja ya kubwa kabisa duniani, yenye vielelezo karibu milioni 4. Humo ndimo zilimokuwa karatasi nyingi za Usambara. Nyingine zilikuwa zile ambazo wataalamu huzithamini kuliko zote: tawi lilelile la kwanza ambalo mtu alilitazama akaupa mmea jina lake, ili atakayekuwa na shaka siku za mbele aende kulinganisha. Usiku wa tarehe 1 Machi 1943, katika vita vya pili vya dunia, mabomu yaliangukia jengo la hebaria. Sehemu kubwa ya vielelezo iliteketea pamoja na maktaba. Tawi lililochumwa Usambara na mikono ya watu wetu, likabebwa kichwani mpaka pwani, likasafiri kwa meli wiki kadhaa, liliungua usiku mmoja, mbali na mlima wake.

Lakini kuna picha, na hizo picha ndizo zilizonifanya niandike waraka huu. Mwaka 1929 mtaalamu wa mimea kutoka jumba la makumbusho la Field Museum la Chicago, J. Francis Macbride, alifika Berlin na kamera. Shida yake ilikuwa ndogo na ya kawaida: wenzake Marekani walitaka kulinganisha mimea ya Amerika ya kitropiki na vielelezo vya kwanza, na vielelezo vilikuwa Ulaya. Basi akaanza kuvipiga picha, karatasi moja baada ya nyingine, pamoja na lebo zake. Aliendelea na kazi hiyo kwa takriban miaka kumi katika hebaria mbalimbali za Ulaya, na mwisho wake kulikuwa na picha zaidi ya 40,000. Hakujua kwamba moto unakuja. Baada ya 1943, kwa mimea mingi ya Amerika ya Kusini, picha yake ndiyo sura pekee iliyobaki ya kielelezo kilichoteketea. Mpaka leo wataalamu wanazitumia.

Macbride alipiga mimea ya Amerika. Usambara haikuwa kazi yake. Kilichookoa sehemu ya urithi wetu ni nakala za pili za matawi yaleyale zilizokuwa zimegawiwa kwingine, pamoja na hebaria iliyokuwa hapohapo Amani, ambayo baadaye ilihamishiwa Nairobi ikawa msingi wa Hebaria ya Afrika Mashariki. Pasipokuwa na nakala wala picha, jina lilibaki bila mwili.

Mchana ule niliingia nyumba kubwa ya vioo ya mimea ya joto, iliyojengwa kati ya 1905 na 1907, urefu wake mita 60. Lenzi ilishikwa na ukungu papo hapo, kwa kuwa ilitoka kwenye ubaridi ikaingia kwenye jasho la msitu. Mpiga picha hana la kufanya hapo ila kusubiri kioo kipate joto. Nikakaa chini ya mianzi mirefu dakika kumi, nikivuta harufu ya udongo mbichi ambayo naijua tangu utotoni, nikamkumbuka babu.

Babu alikuwa akituambia habari za muhogo. Alikuwa mmoja wa vijana waliomwagilia miche ya majaribio Amani. Wakati huo batobato ilikuwa ikimaliza mihogo ya wakulima, majani yanajikunja na kuingia madoa ya njano, mzizi unakuwa kama kidole. Katika miaka ya 1930, watafiti wa Amani, H. H. Storey na R. F. W. Nichols, waliupandisha muhogo na ndugu yake wa mwituni, Manihot glaziovii, mti wa mpira ulioletwa kutoka Brazili. Kutoka kwenye machotara hao ilipatikana mihogo inayostahimili batobato, na damu yake imeingia katika mbegu bora za muhogo zilizolisha watu wengi barani Afrika. Mti wa kigeni uliokaa bustanini bila kazi ya maana uligeuka kuwa mwokozi wa chakula cha maskini. Babu alijua kwamba alishiriki jambo kubwa, ingawa hakulijua kwa ukubwa wake wote.

Hatuna picha yake hata moja akiwa kazini. Tuna moja ya uzeeni, amekaa kitini nje ya nyumba, amevaa koti. Alikuwa akitutajia mti mmoja karibu na njia, akasema mashimo yake walichimba wao, na mama alituonyesha tulipopanda juu siku moja nikiwa mdogo. Ninaukumbuka ukubwa wake tu. Jina silijui, na mama ameshafariki.

Jioni yangu ya mwisho Berlin, jirani wa dada, yule aliyeniambia nimechelewa, alitukaribisha chai. Dirishani kwake palikuwa na chungu kidogo chenye ua dogo la zambarau lenye majani ya manyoya. Kwa Kijerumani linaitwa Usambaraveilchen, yaani urujuani wa Usambara. Baron Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa afisa wa ukoloni Tanga, alilipeleka Ujerumani mwaka 1892, na mwaka uliofuata Hermann Wendland wa bustani za Herrenhausen, Hannover, akalipa jina la Saintpaulia. Leo limo madirishani dunia nzima. Mama yule alikuwa amelitaja jina hilo maisha yake yote bila kujua kwamba Usambara ni milima yenye watu. Nilimwonyesha kwenye simu picha ya ukungu juu ya mashamba ya chai, njiani baada ya Sigi. Aliishika simu muda mrefu. Kisha akaniuliza kama maua haya yapo mengi huko kwetu. Nikamwambia kwamba msituni yanaishi kwenye mawe yenye kivuli, na kwamba aina nyingine zimebaki sehemu chache mno. Akataka kuona picha yake likiwa kwenye jiwe lake. Sikuwa nayo, mimi mpiga picha wa Muheza.

Ndiyo sababu nimeandika. Bustani ya Amani inabeba historia ya zaidi ya karne moja ikiwa bado hai: mikwinini iliyopandwa kwa ajili ya dawa ya malaria, viungo, miti ya mbao, miti ya mafuta kutoka mabara yote ya joto, na katikati yake miti ya asili isiyopatikana popote ila katika milima ya mashariki mwa Tanzania. Miti hiyo haitatungoja. Mti wa miaka mia moja huanguka kwa upepo wa usiku mmoja kama karatasi zilivyoungua usiku mmoja. Kwa hiyo naleta mapendekezo matano, na kama mengine mmekwisha kuyaanza, hesabuni waraka huu kuwa ni mkono wa kuwaunga.

Kwanza, tuchague siku mbili za picha kila mwaka, moja wakati wa maua mengi na moja wakati wa mbegu. Nilichojifunza Berlin ni kwamba wakati ambao watu hudharau, bustani inapoonekana kukauka, ndio wakati wa kuona matunda, mbegu, magonjwa na wadudu. Mwenye picha za maua matupu ana nusu ya habari.

Pili, tuweke vituo vya kudumu vya kupigia picha, jiwe au nguzo fupi yenye namba, ili mwaka hadi mwaka kamera isimame palepale na kutazama kulekule. Mnaujua mti wa Maesopsis eminii, ulioletwa Amani kutoka misitu ya magharibi mwa Afrika Mashariki mwanzoni mwa karne iliyopita. Hondohondo walikula matunda yake, wakapeleka mbegu mbali, na msitu ulipofunguliwa kwa ukataji wa mbao ukapata nafasi ya kuenea mpaka ukawa tatizo. Laiti kungekuwa na picha za mwelekeo mmoja tangu mwanzo, hata mtoto wa darasa la nne angeona unavyosogea. Mgeni mwingine atakuja, na safari hii kamera iwe inamtazama.

Tatu, kila mti upigwe kuanzia kibao, na pale kibao kinapoandikwa upya, kibebe majina yote: la Kilatini, la Kiswahili, la Kishambaa na la Kibondei. Chukueni mfano wa Allanblackia stuhlmannii. Jina lake la pili linamkumbuka Franz Stuhlmann, mkuu wa kwanza wa taasisi ya Amani. Lakini bibi anayeokota mbegu zake na kukamua mafuta anauita msambu, na wengine mkanyi. Jina la bibi ndilo lenye maarifa ya matumizi ndani yake. Wazee wanaoyajua majina haya wako vijijini kuzunguka hifadhi. Tuwaalike, tuwarekodi sauti wakitaja jina huku tunapiga jani.

Nne, kazi ifanywe na wanafunzi. Shule za Muheza zina vijana wanaojua simu kuliko sisi. Nimejitolea kuwafundisha bure: namna ya kutulia, kusubiri wingu lipunguze ukali wa jua, kuweka rula au kidole pembeni ili ukubwa ujulikane, kupiga jani pande zote mbili. Mtoto aliyepiga picha ya mti akauandikia jina hawezi kuukata kirahisi akiwa mtu mzima.

Tano, picha zihifadhiwe mahali pengi na kwa tahadhari. Mahali pengi, kwa sababu Berlin imetufundisha kwamba nyumba moja, hata iwe ya mawe, ni nyumba moja. Nakala ziwe ofisini kwenu, shuleni, chuo kikuu, na nje ya mkoa. Na tahadhari, kwa sababu simu nyingi huandika ndani ya picha mahali hasa ilipopigwa, na wapo wanaotafuta mimea adimu ili waiuze. Mnamo Januari 2014, katika bustani za Kew huko London, mtu aliiba mche wa Nymphaea thermarum, yungiyungi mdogo kuliko wote duniani, ambao asili yake ni kwenye chemchemi ya maji moto nchini Rwanda. Uliibwa ndani ya nyumba ya vioo, mchana, kati ya wageni. Kwa hiyo picha za urujuani wetu wa porini zifutwe alama za mahali kabla ya kusambazwa, na orodha ya mahali ibaki mikononi mwa ofisi yenu.

Sijaomba fedha. Kamera ninayo, kompyuta ninayo, na wenzangu wawili wa mjini wameniahidi siku zao. Tunachohitaji ni ruhusa yenu, mlinzi au mtaalamu mmoja wa kututembeza ili tusikanyage pasipopaswa, na kauli ya ofisi itakayowafanya walimu waamini kwamba jambo hili ni la kweli.

Nimewaambia kwamba mti wa babu ninaukumbuka ukubwa tu. Nimepata habari kwamba yuko mzee mmoja, mdogo kwa babu kwa miaka mingi, ambaye aliwahi kufanya naye kazi mwishoni na anaufahamu ulipo. Nimemtembelea. Miguu ni dhaifu lakini amesema akipelekwa kwa gari atafika. Mkinikubalia, ningependa tuanze na huo. Nitapiga kibao kwanza. Kisha gome, kisha jani juu na chini, na tunda kama lipo. Mwisho nitamwomba mzee asimame shinani, aegemee kwa mkono, ili watakaoitazama picha miaka 100 ijayo wajue mti ulikuwa mkubwa kiasi gani, na ulipandwa na watu wa namna gani.

Nasubiri majibu yenu kwa heshima na kwa hamu kubwa.

Wenu katika kuitunza Amani,

Mpiga picha wa Muheza mjini